Kupima Presha Nyumbani kwa Siku Saba: Mwongozo Kamili kwa Waliovuka Miaka 40 Nyanda za Juu Kusini

Daftari za presha ambazo wasomaji wa Iringa, Njombe na Mbeya wamekuwa wakinionyesha zimejaa namba, lakini sehemu kubwa ya namba hizo haziwezi kumsaidia daktari kuamua jambo lolote. Mmoja alipima mara kumi na moja kwa siku moja kwa sababu namba ya kwanza ilimtisha. Mwingine alipima kila Jumapili alipotoka ibadani, punde tu baada ya kupanda mlima kurudi nyumbani. Wa tatu aliandika namba za juu peke yake, akaziacha za chini. Karibu wote walipima juu ya sweta.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima presha nyumbani kwa siku saba mfululizo, ili unapofika zahanati au kituo cha afya uwe na wastani unaoaminika badala ya namba moja ya bahati nasibu. Unamfaa aliyevuka miaka 40 ambaye hajawahi kupimwa ipasavyo, aliyeambiwa kliniki kwamba presha yake "iko juu kidogo", na anayetumia dawa tayari na anataka kujua kama zinafanya kazi.

## Kwa nini umri una uzito hapa

Kadiri miaka inavyosonga, kuta za mishipa mikubwa ya damu hupoteza unyumbufu wake. Moyo unaposukuma damu, mishipa migumu haitanuki kama zamani, hivyo namba ya juu hupanda. Namba ya chini, yaani ile ya pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo, nayo hupanda hadi kwenye miaka ya hamsini hivi, kisha kwa watu wengi huanza kushuka. Ndiyo maana mzee wa miaka 68 anaweza kusoma 158/72 na jirani akamwambia kwamba hana shida kwa kuwa "ya chini iko vizuri". Shida anayo. Katika umri huo namba ya juu ndiyo inayobeba habari nyingi zaidi kuhusu hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na figo.

Kwa wanawake, presha mara nyingi hupanda kwa kasi zaidi baada ya ukomo wa hedhi, hata kwa mtu aliyekuwa na namba nzuri katika ujauzito wake wote. Ile kanuni ya kujumlisha 100 na umri wako ili kupata presha inayokufaa iachwe kabisa. Haina nafasi tena katika tiba.

Presha iliyopanda kwa kawaida haina dalili. Kuumwa kisogo hakukuambii kwamba imepanda, na kutoumwa hakukuambii kwamba imeshuka.

## Vifaa unavyohitaji

Mashine ya kujiendesha yenye mkanda wa kuvaa juu ya kiwiko. Epuka zile ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa mkono ukikaa vibaya kidogo tu namba zinapotoka. Muulize muuzaji kama mashine imethibitishwa usahihi wake kwa watu wazima, na usome kijitabu chake kabla ya kulipa.

Mkanda unaolingana na mkono wako. Chukua futikamba ya fundi cherehani, upime mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayouzwa pamoja na mashine hufaa mikono ya sentimita 22 hadi 32, na vipimo hivyo huandikwa kwenye mkanda wenyewe. Mwenye sentimita 35 akitumia mkanda huo atapata namba za juu kuliko presha yake halisi. Hili ni kosa la kawaida kwa akina mama na akina baba walionenepa kuanzia miaka ya arobaini, na hakuna namna ya kulirekebisha isipokuwa kununua mkanda mkubwa wa mashine ileile.

Kiti chenye egemeo na meza. Kigoda hakifai, wala ukingo wa kitanda.

Daftari, kalamu, saa, na betri mpya. Usitegemee umeme wa ukutani peke yake, kwa sababu ukikatika jioni moja mpangilio wa wiki nzima unavurugika.

## Soma hapa kabla ya hatua ya kwanza

Ukipata 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 120 au zaidi kwa namba ya chini, tulia dakika tano kisha pima tena. Ikiwa imebaki hapo na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, uso au mkono umelegea upande mmoja, maneno hayatoki vizuri, macho yameingia giza ghafla, umechanganyikiwa au kichwa kinauma vikali kuliko ulivyowahi kukiona, nenda hospitali wakati huohuo. Ikiwa imebaki hapo bila dalili yoyote, fika kituo cha afya siku hiyohiyo.

Dalili hizo zikitokea, usingoje namba. Mtu aliyelegea upande mmoja anapelekwa hospitali hata mashine ikisoma 130.

Usimeze dawa ya jirani, na usiweke kidonge chochote cha presha chini ya ulimi ili "ishuke haraka". Presha inayoporomoka ghafla inaweza kuunyima ubongo damu na kuleta kiharusi kilekile unachokikimbia.

## Hatua ya 1: Chagua wiki inayofaa

Chagua siku saba ambazo utalala kwako na kufuata ratiba yako ya kawaida. Usianze ukiwa na homa, wakati wa msiba nyumbani, au siku mbili baada ya kushuka kwenye basi la usiku. Aliyetoka Dar es Salaam kwenda Njombe au Makete asubiri wiki moja hivi, kwa sababu mwinuko mkubwa na baridi vyote viwili vinaweza kuipandisha presha siku za mwanzo.

Angalia pia dawa unazomeza. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wa umri wetu huzinunua duka la dawa kwa ajili ya magoti na kiuno, zinaweza kupandisha presha. Baadhi ya dawa za mafua zinazozibua pua hufanya vivyo hivyo. Usiache dawa uliyoandikiwa, ila iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na kipimo chake. Nimeona daftari lililopendeza sana ambalo mwenyewe hakutaja kwamba alikuwa akimeza diklofenaki kila siku tangu mavuno.

Umefaulu kama: una siku saba zilizoandikwa tarehe, na orodha ya dawa zako zote, zikiwemo za mitishamba.

## Hatua ya 2: Andaa mahali, hasa wakati wa baridi

Weka kiti karibu na meza, mahali ambapo mgongo utaegemea, nyayo zote mbili zitagusa sakafu, na mkono utalala juu ya meza bila wewe kuushikilia. Katikati ya mkanda pawe usawa wa moyo, yaani karibu na katikati ya kifua. Meza ikiwa fupi, inua mkono kwa mto au kitenge kilichokunjwa.

Sababu yake ni uzito wa damu yenyewe. Kila sentimita 10 ambazo mkono unashuka chini ya moyo, mashine huongeza takriban namba 8 juu ya presha yako halisi. Mkono unaoning'inia kando ya kiti unatosha kumgeuza mzima kuwa mgonjwa.

Baridi hubana mishipa ya ngozi na kupandisha presha, na kwetu kuanzia Juni hadi Agosti, wakati sakitu inapoonekana alfajiri kwenye majani ya Makete na Njombe, chumba cha kulala kinaweza kuwa na baridi inayotetemesha. Usipime ukiwa unatetemeka. Pima katika chumba kilichokwisha kupata joto, au jifunike blanketi mabegani na mapajani ukiacha mkono mmoja nje.

Onyo: usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili upate joto la kupimia. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua kabla mtu hajastuka.

## Hatua ya 3: Chagua mkono mmoja

Siku ya kwanza, pima mikono yote miwili, kila mmoja mara mbili. Wenye namba za juu zaidi ndio utakaoutumia wiki nzima. Tofauti ndogo ni ya kawaida; ikizidi 10 kwa namba ya juu kila unaporudia, iandike umwonyeshe daktari, kwa kuwa huenda mshipa wa upande mmoja umeanza kuziba.

Usitumie mkono uliopooza, wala mkono wa upande ambao titi lilifanyiwa upasuaji wa saratani na tezi za kwapani zikaondolewa.

## Hatua ya 4: Mkanda uguse ngozi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami niliharibu kabla yao. Julai moja nilikwenda Makete kumwona mama nikiwa na mashine mpya ambayo niliionea fahari. Nilimpima jikoni saa 12 na nusu asubuhi, akiwa ameketi kwenye kigoda, mkono ukining'inia, mkanda ukiwa umefungwa juu ya sweta la sufi alilolifuma mwenyewe, huku tukiulizana habari za shamba la viazi. Mashine ikaandika 168/94. Mama akasema, "Mwanangu, huu mkono unakufa ganzi, hebu toa kwanza." Sikutoa. Nilibonyeza tena palepale, ikaja 171/96, nikamwambia avae viatu tunakwenda hospitali.

Huko muuguzi alimkalisha kwenye benchi lenye egemeo kwa muda wa dakika kumi, akamwomba avue mkono mmoja wa sweta, akanyamaza, akapima. Ilikuwa 134/78. Tuliporudi kwenye basi, mama hakunilaumu kwa neno lolote. Aliuliza tu kama ile mashine inaweza kurudishwa dukani. Mashine haikuwa na kosa. Makosa yalikuwa sita, na yote yangu.

Sweta au koti huzuia mkanda kubana mkono sawasawa. Kukunja mkono wa nguo kuelekea begani si dawa, kwa sababu nguo iliyojikusanya hubana mkono kama kamba na kuharibu kipimo kwa njia nyingine. Toa mkono mzima nje ya vazi, kisha jifunike bega. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, mrija wa hewa ukielekea kiganjani, na ukaze kiasi kwamba vidole viwili vinaingia chini yake bila kulazimisha.

Umefaulu kama: mkanda hautelezi, hauumi kabla ya kujazwa hewa, na hakuna kitambaa chochote kati yake na ngozi.

## Hatua ya 5: Nusu saa ya kujizuia na dakika tano za kimya

Kwa dakika 30 kabla ya kupima, usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, usichote maji, usipasue kuni. Najua chai ya asubuhi ni kama sheria katika nyumba za Mufindi na Rungwe, na Mbozi kahawa haikosi. Pima kwanza, birika lisubiri. Nenda haja ndogo kabla ya kuketi, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba.

Asubuhi pima ndani ya saa moja baada ya kuamka, kabla ya kifungua kinywa na kabla ya dawa ya presha. Jioni pima kabla ya chakula au kabla ya kulala, ilimradi saa iwe ileile kila siku. Aliyekunywa ulanzi au komoni jioni hiyo asipime. Aandike "sikupima, nilikunywa". Pombe huweza kushusha presha kwa saa chache kisha ikaipandisha kesho yake, hivyo kipimo cha usiku huo kitampotosha daktari.

Ukishafunga mkanda, kaa kimya dakika tano kamili kwa saa. Miguu usiipishanishe. Usizungumze, usisikilize ugomvi wa watoto, usishike simu. Kuzungumza peke yake wakati wa kupima kunaweza kuongeza namba 10 au zaidi, na katika nyumba zetu, ambako mgeni akibisha hodi mwenye nyumba lazima aitike, hili ndilo sharti gumu kuliko yote. Waambie walio nyumbani mapema kwamba kwa dakika kumi hupatikani.

## Hatua ya 6: Pima mara mbili, uandike mara mbili

Bonyeza, subiri, andika. Pumzika dakika moja bila kuvua mkanda, kisha pima tena na uandike tena. Andika namba ya juu, namba ya chini na mapigo ya moyo kama mashine inavyoonyesha, bila kukadiria. Mtu anayeona 137 akaandika 140, au mwenye aibu anayeandika 130, anajidanganya mwenyewe.

Mstari wa daftari unaweza kuonekana hivi:

Jumanne, saa 1 asubuhi: 142/88, mapigo 74, 138/86, mapigo 72.
Jumanne, saa 2 usiku: 134/84, mapigo 70, 136/82, mapigo 71.

Usipime mara ya tatu kwa sababu hukuipenda namba. Hofu huipandisha, unapima tena, inapanda zaidi, na hivyo ndivyo yule msomaji alivyofikia mara kumi na moja.

Mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyo na mpangilio zaidi ya mara moja katika wiki, iandike pembeni. Baada ya miaka 60 moyo unaopiga bila mpangilio huongezeka, huweza kuleta kiharusi bila kujali presha, na pia hufanya mashine hizi zisome kwa usahihi mdogo.

Umefaulu kama: kila siku ina mistari miwili na vipimo vinne.

## Hatua ya 7: Kipimo cha kusimama kwa waliovuka miaka 60

Uzeeni mwili huchelewa kurekebisha presha mtu anapoinuka, na dawa za presha zinaweza kuzidisha hali hiyo. Huyu ndiye mzee anayeanguka saa 10 alfajiri akienda msalani, kisha familia ikasema ameteleza.

Katika siku mbili za wiki, baada ya vipimo vya asubuhi, simama ukiwa na mtu karibu yako na kiti nyuma yako. Pima baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwambie daktari, hata kama hujasikia kizunguzungu. Vipimo hivi viandike ukurasa wa peke yake. Havihesabiwi katika wastani. Ukihisi giza machoni, keti mara moja na uache.

## Hatua ya 8: Tafuta wastani

Futa siku ya kwanza yote. Siku hiyo mtu bado anaizoea mashine na namba huwa juu. Zilizobaki ni siku sita zenye vipimo vinne kila moja, yaani 24.

Jumlisha namba zote za juu, gawanya kwa 24. Fanya vivyo hivyo kwa namba za chini. Kwa mfano, jumla ya namba za juu ikiwa 3,264, wastani ni 136. Jumla ya namba za chini ikiwa 2,016, wastani ni 84. Ulikosa vipimo vinne? Gawanya kwa 20. Vikiwa chini ya 12, rudia wiki.

Kwa vipimo vya nyumbani, mpaka ni 135/85, ambao unalingana na 140/90 ya kliniki. Inatosha namba moja kuvuka. Mwenye 136/84 hapo juu amevuka mpaka, hata kama ni kwa namba ya juu peke yake. Wastani huo haumaanishi aanze dawa kesho asubuhi, wala haumaanishi apuuze. Unamaanisha aende kliniki na daftari.

Usishangae nyumbani ukiwa na 126/80 na kliniki ukawa na 150/90. Wapo ambao presha hupanda kwa hofu ya mazingira ya hospitali tu, na wapo kinyume chake, walio wazuri kliniki lakini wabaya nyumbani. Kundi la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa bila daftari hakuna anayelitambua.

## Hatua ya 9: Peleka daftari na mashine

Ukifika, usianze na maelezo marefu. Mpe daktari au tabibu ukurasa wenye mambo manne: wastani wako, mkono uliotumia, dawa unazomeza, na matokeo ya kusimama kama uliyapima. Daftari lenyewe liwe wazi mkononi, maana wengine hupenda kuona namba moja moja. Omba pia upimwe sukari na mkojo, kwa sababu katika umri huu kisukari na presha mara nyingi huishi nyumba moja, na figo huumia kimyakimya.

Beba mashine yako. Omba upimwe kwa ya kwao, kisha kwa yako baada ya dakika chache, mkono uleule. Zikitofautiana kwa zaidi ya 10 kila mara, mashine yako ndiyo ya kutiliwa shaka, au mkanda wake. Ulinganisho huu urudiwe angalau mara moja kwa mwaka.

Ukiandikiwa dawa, usiiache pale namba zinaposhuka. Zimeshuka kwa sababu unaimeza. Muulize aliyekuandikia ni lini upime tena kwa siku saba, kisha iandike tarehe hiyo kwenye jalada la daftari. Ukirudi nyumbani toa betri ndani ya mashine, ukunje mkanda bila kuuvunja mrija, na uiweke chumbani mbali na moshi wa jikoni, ambako mpira wa mkanda hukauka na kupasuka.